Tupeane uzoefu: siku mashine ya kupasulia mbao ilipoingia nyumbani

Wa Kisauni
Jamani jirani yangu leo kashusha mashine ya meza ya kupasulia mbao, yenye bledi ya inchi 10, kwa mkokoteni, mpya kabisa, na tangu alasiri yuko uani na spana anakigeuza kile kijitabu juu chini. Nkakumbuka yangu. Nyinyi mliofungua karakana nyumbani, iwe uani, iwe verandani, siku ya kwanza ilikuwaje? Na msinambie ilienda salama.

Fundi wa Tudor
Ilienda salama.

Wa Kisauni
Toka hapa.

Dada Fanicha, Bombolulu
Mimi ni kutu. Yangu ina meza ya chuma kizito, ikaja imepakwa grisi ya kiwandani nene, ndugu yangu akaifuta yote kwa mafuta taa ikawa inang'ara unajiona uso. Asubuhi nafungua mlango, meza ina madoa mekundu! Usiku mmoja tu, na hapa si hata karibu na maji sana. Hii hewa yetu ya chumvi haingoji. Ile grisi usiitoe mpaka uwe na nta mkononi.

Yakhe wa Likoni
Paka mafuta ya nazi.

Dada Fanicha, Bombolulu
Kwani naipika? Mafuta yanashika vumbi na yanaingia kwenye mbao, ukija kupiga vanishi haishiki. Msasa laini, kisha mshumaa mweupe wa dukani, sugua kwa kitambaa mpaka kiteleze. Na si polishi ya gari, nyingi zina silikoni, vanishi yatoka na mashimo mashimo.

Yakhe wa Likoni
Mimi yangu ina mafuta ya nazi na iko sawa.

Fundi wa Tudor
Wewe mashine yako haijakata mbao tangu uinunue.

Mpwani Magongo
Yangu ilikuwa ya mitumba kutoka Marekani, ilikuja kwenye kontena na vitanda na baiskeli. Kibandiko kimeandikwa volti 120, na stima yetu ni 240, lakini shemeji yangu anajifanya fundi wa stima, akakata ile plagi ya bapa akaweka yetu ya pini tatu, akasema stima ni stima. Ikapiga kelele sijawahi kusikia, moshi, kisha nyumba nzima giza. Mota kwisha. Tena nkaambiwa baadaye hata ukitumia transifoma, mota isiyo na brashi yazunguka polepole kuliko kwao kwa sababu stima yao ni hezi 60, yaani yapiga mara 60 kwa sekunde, na yetu ni 50. Meza yake sasa twapangia viatu.

Abuu Mikindani
😂😂 Stima ni stima.

Mzee wa Changamwe
Sikizeni basi niwape kisa kamili maana mwenzenu nusra niwe marehemu. Nlinunua yangu, nkaiacha na kijana wa kazi aifunge mie nkaenda msikitini, na kijana ni mzuri wa mkono hana shida, lakini kuna kile kibapa, kisu cha kutenganisha pande mbili za ubao, kinachosimama nyuma ya bledi, kwenye kijitabu kimechorwa, yeye akakiona kinamzuia akakifungua akakitia mfukoni. Mfukoni! Mie narudi naona mashine imesimama vizuri, nachukua ubao wa mvule, umetoka kwenye mlango wa nyumba ya zamani, mkavu, mzuri, nauingiza. Nusu ya kwanza yaenda kama siagi. Kisha nkasikia sauti ya bledi imebadilika, imekuwa nzito, kumbe ubao ule una mvutano wake ndani, ulipopasuka zile pande mbili zikarudi kukutana na kuibana bledi, na hapo nyuma hakuna kitu cha kuzizuia. Ubao ukanyanyuka. Kile kipande chembamba kikatoka kurudi upande wangu, kikapita hapa kwenye mbavu, shati limechanika na ninalo mpaka leo, na nyuma yangu ni tangi la maji la mwenye nyumba, lita 1000, lilijazwa jana yake kwa bowza. Kikaingia. Kikasimama pale pale kinatikisika, na maji yanatoka pembeni yake. Kijana kwa kiherehere akakichomoa! Basi ploti nzima wakatoka, mkadhani waja kuniuliza hali? Walikuja na ndoo. Na sufuria. Kuna mama alikuja na karai lililo na samaki, akamwaga samaki kwenye sinia akakinga maji.

Wa Kisauni
Wallahi nimecheka mpaka mke wangu kauliza kuna nini.

Abuu Mikindani
Hukosi wanaokinga, maji yenyewe Changamwe ni ya kununua.

Bin Kongowea
Tangi nani alilipa?

Mpwani Magongo
Kijana ndiye alipe, yeye katoa kile kisu.

Dada Fanicha, Bombolulu
Kijana alipe nini na mshahara wenyewe mnampa wa chai. Mwenye mashine ndiye mwenye jukumu.

Mpwani Magongo
Dada, sikukusema wewe.

Dada Fanicha, Bombolulu
Na mimi sikukujibu wewe, nimejibu neno.

Yakhe wa Likoni
Tangi la plastiki halitupwi. Pasha bisu moto mpaka liwe jekundu, kata kipande cha ndoo kuukuu, yayushe vyote pamoja. Langu lina kiraka mwaka wa nne.

Bin Kongowea
Ndoo na tangi si plastiki moja, kitabanduka. Weka boliti na raba za tyubu ndani na nje.

Fundi wa Tudor
Naomba turudi kwa mashine kabla mtu hajaumia. Kwanza chomoa plagi. Chagua jino moja la bledi uliwekee alama ya kalamu, pima kutoka jino hilo mpaka ule mfereji wa kwenye meza, zungusha bledi jino hilo hilo liende nyuma, pima tena. Vipimo visipolingana, legeza sogeza. Bledi ikishalingana na mfereji ndio uilinganishe fensi, ule ukingo wa kuongozea ubao, usianze na fensi. Fensi ikibana nyuma, utatoboa tangi hata ukiwa na kile kisu. Na usisimame mstari mmoja na bledi, simama kando.

Abuu Mikindani
Na glavu nzito.

Fundi wa Tudor
Hapana!! Glavu ikishikwa uzi mmoja mkono wote wavutwa. Mkono mtupu, na fimbo ya kusukumia.

Abuu Mikindani
Babu yangu kavaa glavu maisha yake yote.

Fundi wa Tudor
Babu yako alikuwa na msumeno wa mkono.

Bin Kongowea
Mnajua kuna zile mashine za SawStop, kidole kikigusa bledi yasimama hapo hapo, sekunde haijafika. Huwa wanazionyesha kwa soseji badala ya kidole.

Mpwani Magongo
Ndio lakini breki yake ikifanya kazi mara moja ni ya kutupa, na bledi nayo imekwisha. Na ubao mbichi wa maji waweza kuichokoza. Mbao zetu hizi za kuuziwa na maji yake?

Bin Kongowea
Afadhali bledi kuliko kidole.

Dada Fanicha, Bombolulu
Bledi nazo angalieni tundu la katikati. Kuna za inchi 5/8 na kuna za milimita 30, na muuzaji atakwambia zaingia zote. Na eksteshen ile ya gurudumu ifungueni yote, ikiwa imeviringwa na mashine yavuta, waya wayayuka.

Yakhe wa Likoni
Mnazi ndio muuaji wa bledi.

Fundi wa Tudor
Hapo nakubali. Na mvule, una mawe ndani, jino lagonga laruka cheche. Vumbi lake pia lawasha na kubana kifua, vaa barakoa.

Bin Kongowea
Mzee wa Changamwe hujajibu. Tangi?

Mzee wa Changamwe
Nlilipa mie. Mwenye nyumba alitaka jipya, tukaitana wazee, tukasikizana nimtengenezee mlango wa jikoni, mbao atoe yeye.

Bin Kongowea
Mbao gani?

Mzee wa Changamwe
Mvule.