Naomba ushauri: kiatu cha kutembelea kutwa Gombe

Habari za majukumu, wakuu. Kuna wageni wanapanda boti Kibirizi kwenda Gombe kuona sokwe. Kule hakuna barabara, ni mguu tu, na miteremko ni mikali. Bajeti yao ni mitumba ya hapa Kigoma.

Buti za ngozi zinashika kifundo vizuri, ila zikilowa ufukweni hazikauki siku hiyo, na kisigino kibichi ndicho malengelenge yanapoanzia. Raba za kukimbilia ni nyepesi na zinakauka upesi, lakini nyingi soli imelika, zinateleza kwenye majani makavu. (Yeboyebo ziishie kushukia botini.)

Mtumba nao una mtego wake: povu la soli ya kati likizeeka linamomonyoka kama mkate mkavu, hata kiatu kiwe kinang'aa juu. Tunabonyeza pembeni kwa dole gumba kutafuta nyufa. Gundi ikiachia, fundi anashona. Povu likifa, hana la kufanya.

Saizi tunaipima na soksi nene, mbele ibaki nafasi ya upana wa dole gumba, la sivyo kucha zinagonga wakati wa kushuka. Shida ni kwamba kisigino kinapwaya. Kamba tumepitisha hadi tundu la juu kabisa, nafuu ni kidogo.

Je, tuongeze soli ya ndani au tushuke nusu saizi? Na kwa mteremko wa hivyo, mngechagua buti au raba yenye meno?