Treni za modeli: HO, N au 1:120? Nataka kituo cha TAZARA chumbani

Taruma_Iyunga

Wakuu, habari za jioni. Baba yangu alikuwa gadi wa treni TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nami nimekulia Iyunga, Mbeya, nikihesabu mabehewa ya mizigo kila yanapopita. Sasa nimepata chumba cha nyuma chenye ukuta mmoja wazi wa mita 2.4. Mke wangu amenikubalia ubao wa upana wa sentimita 45, basi, maana cherehani yake imo humo humo.

Ninachotaka ni modeli ya kituo kidogo cha mlimani, kule kati ya Mlimba na Makambako kwenye mahandaki na madaraja. Treni iingie, ipishane na nyingine, iache mabehewa mawili matatu kwenye njia ya ghala, iondoke. Sijui nichukue HO, ambayo ni 1:87 (kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi) na reli yake ina upana wa milimita 16.5, au N ya 1:160 yenye reli ya milimita 9. Na umeme je, niendeshe kwa transfoma ya kawaida au niingie dijitali moja kwa moja? Walio na uzoefu nisaidieni kabla sijanunua chochote.

MzeeWaGarratt

Karibu kijana. Mimi niko Nairobi, nimestaafu, na ningekuambia HO bila kusita. Unalishika behewa mkononi, unaona breki, unaona rivets za ubavuni, na gurudumu likitoka kwenye reli unalirudisha bila kutafuta miwani. N nilijaribu miaka miwili. Kuunganisha mabehewa kwa vidole vyangu hivi kulinishinda.

Lakini jua mapema kwamba HO haitazunguka kwenye ubao wako. Kona ya kawaida ya nusu kipenyo cha milimita 457 inataka ubao wa upana wa mita moja na zaidi. Kwa hiyo sahau treni ya duara, jenga ya kwenda na kurudi. Tafuta mpango unaoitwa Inglenook: pointi (sehemu za kubadilishia njia) mbili tu, njia tatu za kuegesha, moja inabeba mabehewa matano na mbili zinabeba matatu matatu. Una mabehewa manane, unachagua matano kwa kura na kuyapanga kwa mfuatano uliotoka. Hesabu yake inatoa mipangilio 6,720, na hauhitaji hata mita mbili za ubao. Mimi hucheza jioni baada ya chai, na bado sijauchoka.

Dada_Behewa

Mzee, shikamoo. Naheshimu, ila kaka hapo juu hakuomba fumbo la kushanti, yaani kupanga mabehewa, peke yake, ameomba treni zipishane. Hapo urefu ndio kila kitu. Behewa la abiria la mita 20 kwenye HO ni sentimita 23. Weka sita na kichwa chake, yaani injini, umeshamaliza mita moja na nusu, na njia ya kupishania itatoka wapi kwenye ukuta wa mita 2.4? Kwenye N behewa hilo hilo ni sentimita 12 na nusu. Treni inaonekana ndefu, mlima unaonekana mlima.

Kona ya N ya milimita 249 nayo haiingii kwenye sentimita 45, inataka kama 60. Nilichofanya kwangu ni kufunga vipande viwili vya ubao kwa bawaba, kimoja kila mwisho. Nikitaka kuendesha navikunjua, na treni zinasubiri huko zikiwa nyuma ya pazia, kana kwamba ziko kituo kinachofuata. Nikimaliza nakunja, na chumba kinarudi kwa mwenyewe. Shemeji hatapoteza nafasi ya cherehani.

FundiWaya

Jamani, mmesahau geji, upana kati ya reli mbili! Mwenzetu anataka TAZARA, na reli ya TAZARA ni milimita 1067. Sasa pigeni hesabu. HO: 16.5 mara 87 ni 1435. N: 9 mara 160 ni 1440. Zote mbili zinakupa reli ya upana wa SGR! Kwa anayejenga Dar hadi Dodoma ya umeme, au Mombasa hadi Nairobi, hizo ni sahihi kabisa. Ukiweka kichwa cha TAZARA juu yake, kitasimama kwa miguu iliyopanuka kupita kiasi, na aliyekulia kando ya ile reli ataona kuna kitu hakikai sawa hata kama hawezi kukitaja.

Gawanya 1067 kwa 120. Unapata 8.89. Yaani tumia reli ya N ya milimita 9, lakini jenga kila kitu cha juu kwa kipimo cha 1:120. Si wazo langu. Watu wa New Zealand, ambao reli yao pia ni 1067, wanafanya hivyo na wanauita mtindo huo NZ120. Unanunua reli za N, pointi za N, hata chasisi yenye mota ya N, kisha bodi unaikata mwenyewe kwa shiti za plastiki nyeupe. Behewa la mita 20 linakuwa kama sentimita 17.

Ubaya wake hauna siri: hakuna kichwa cha TAZARA utakachonunua tayari. Mimi nilitumia miezi minne kwa kimoja. Lakini hata kwenye HO sijawahi kukikuta dukani, kwa hiyo kukata plastiki ni lazima upande wowote utakaokwenda.

MzeeWaGarratt

Marahaba dada. Na Fundi umesema kweli. Ndiyo maana modeli yangu ya Garratt ya 59 Class, injini kubwa ya mvuke, naijenga juu ya reli ya milimita 12: ile njia ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu ni geji ya mita moja, na elfu moja ukigawa kwa 87 ni 11.5. Nilikwenda na futi ya kupimia hadi makumbusho ya reli hapa Nairobi kuipima injini halisi namba 5918, Mount Gelai. Zilitengenezwa 34 tu, Manchester, na Beyer, Peacock. Kwenye HO inafika sentimita 36, injini peke yake. Kwa TAZARA kwenye ukuta mfupi, naondoa pendekezo langu. Chukua 1:120.

Kisauni_Reli

Niongeze la ubao, kwa sababu huku Mombasa limenitoa machozi. Usijenge juu ya MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliobanwa. Ikivuta unyevu inavimba na reli inapanda kama mgongo wa ngamia. Chukua plaiwudi, ipake rangi juu, chini na kingo zote kabla ya kupiga msumari wowote. Mbeya hakuna chumvi ya bahari, lakini masika mnayajua.

Na usipokee reli za shaba nyeupe... samahani, nimechanganya, usipokee za *shaba njano* hata ukipewa bure. Zinashika kutu isiyopitisha umeme na treni inaanza kudunda. Nunua za nikeli. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kila kabla ya kuendesha. Lehemu waya kwenye kila kipande cha reli, usitegemee viungio vya chuma. Mimi nilivitegemea, na baada ya mvua moja nusu ya reli ilikuwa imekufa.

Dada_Behewa

Kuhusu umeme: transfoma ya kawaida ya volti 12 inaongeza na kupunguza nguvu ya reli nzima, kwa hiyo vichwa viwili kwenye njia moja vitaondoka pamoja. Ili vipishane unakata reli vipande na kuweka swichi kila kipande. Kwa kituo chako swichi nne zinatosha. Dijitali, yaani DCC, reli ina umeme muda wote na kila kichwa kina dikoda, kifaa kidogo cha kupokea amri, yenye namba yake, unakiita kwa namba. Kuna mradi wa bure wa DCC-EX unaotumia Arduino Mega, kompyuta ndogo ya bodi moja, na bodi ya kuendeshea mota, na simu yako inakuwa usukani. Ila kutia dikoda kwenye chasisi ndogo ya N ni kazi ya kulehemu yenye subira. Anza na swichi.

Taruma_Iyunga

Nimesoma zote, asanteni sana, shikamoo Mzee. Ile hesabu ya 8.89 nimemwonyesha baba. Alichukua rula, akaweka milimita 9 juu ya meza, akaangalia kimya kwa muda, kisha akaniuliza mataruma nitayapanga kwa nafasi gani.

Basi ni 1:120, reli ya N ya nikeli, plaiwudi iliyopakwa rangi, vipande viwili vya bawaba, transfoma na swichi nne. Jumamosi nakwenda na baba stesheni kupima jukwaa kwa hatua zake. Fundi, ukipata nafasi nitumie mchoro wa jinsi ulivyokata madirisha ya kichwa chako, hasa ile kona ya mbele ya kioo.