Fundi kanipa oringi (pete ya mpira ya kuzuia oili isivuje) mkononi eti "hii ilibaki". ILIBAKI!

Roto11:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka, herufi zikikosewa mnivumilie. Huyu mtu mnamjua. Wa pale chini ya mwembe, mwenye sigara sikioni tangu tunamfahamu na hajawahi kuiwasha. Jina sitaji, kesi sizitaki.

Wiki iliyopita nimempelekea Subaru Impreza yangu, injini ya EJ20 ya turbo. Pampu ya oili iliyokuwemo ni ya roto (gia ya ndani inayosukuma oili) yenye unene wa milimita 10, nikanunua ya 11. Kila kranki ikizunguka inasukuma oili asilimia 10 zaidi, beringi zishibe, turbo inywe. Nimekula mihogo miezi minne kwa ajili ya hiyo milimita moja. Nikamwambia kwa heshima zote, fundi, zile skrubu za bati la nyuma ya pampu zina tabia ya kulegea, zifungue uzipake gundi uzikaze upya. Akanitazama kama namfundisha kunyonya. "Dogo, mimi nafungua Subaru wewe hujaota meno."

Haya. Laki tatu na nusu ya ufundi, taslimu.

Jana naelekea Morogoro. Foleni ya Kibaha, taa ya oili ikaanza kupepesa. Nikipiga resi inazima. Nikasema sensa hiyo. Mlandizi nikasikia mtu anabisha hodi ndani ya injini. Mwanzo anabisha kiungwana kama mgeni, baadaye kama mwenye nyumba anayedai kodi. Halafu kimya.

Leo asubuhi nimemfikia na gari juu ya brekidauni. Pole hakuna. Kavuta kopo la siagi lililojaa nati, kachakura, kanishika kiganja, kaniwekea oringi. Nyeusi, mpya kabisa. Kisha KANIFUNGA VIDOLE, kama bibi anavyompa mjukuu hela ya pipi. "Hii ilibaki siku ile. Kaa nayo, itakufaa."

Ilibaki! Pilau ndiyo inabaki! Pampu inapokutana na bloku pana oringi moja, moja tu, na oili yote ya injini inapita katikati yake. Isipokuwepo presha inavujia palepale na beringi zinasaga chuma kwa chuma. Na mtu mzima kanifunga vidole!

Mzee wa IST:
Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Endelea mkuu.

Kipanga wa Tabata:
Huyo huyo! Mimi aliniachia boliti tatu kwenye siti ya abiria, kaziweka kwenye bahasha. Nikadhani ni risiti.

Chuma Chakavu:
Ngoja nielewe. Taa imewaka Kibaha, wewe umesukuma mpaka Mlandizi? Oringi kasahau fundi, injini umeiua wewe.

Roto11:
Mkuu umesoma pale aliponifunga vidole?

Chuma Chakavu:
Nimesoma pale uliposema "sensa hiyo".

Fundi Mstaafu:
Vijana mnapenda namba. Nani alikwambia roto ya 11 inakuletea presha? Inaleta ujazo. Presha ikizidi kuna vali inaifungulia irudi, na beringi zikishalika hata uweke pampu ya kisima oili itamwagikia pembeni. Kitabu cha Subaru kinataka presha ya psi 14 kwa mizunguko 600 na 43 kwa mizunguko 5,000, oili ikiwa ya moto. Ulikuwa na geji? Ile taa haikuonyi, inawaka presha ikiwa jirani na sifuri. Ni tangazo la msiba lile.

Roto11:
Geji ilikuwa bajeti ya mwezi ujao.

Mzee wa IST:
😂😂😂 Milimita 11 bila geji. Mimi IST yangu sijui hata pampu iko upande gani, na leo nimepita Mlandizi.

Godzilla_Mbezi:
Nyie wa Subaru mnalia kwa oringi? Njooni kwenye RB26, injini ya Nissan Skyline GT-R. Skyline R32 za mwanzo, ile shingo ya kranki inayozungusha pampu waliifanya fupi, inashika gia kwa ncha tu. Gonga gonga limita ya mizunguko siku moja uone gia zinavyopasuka kama biskuti. Nimechonga kranki kuongeza ukosi mrefu, nimeagiza pampu Japani, fundi akaipeleka kwa shemeji yake "aione". Wiki ya tatu sasa shemeji anaiona.

Kipanga wa Tabata:
Ameiona vizuri huyo. Ameshaiuza.

Sampu Kavu:
Mleta mada, ile roto ya 10 uliyotoa unaiuza bei gani?

Roto11:
Sijui iliko! Nilimuuliza akasema "hiyo haikubaki"! Oringi inabaki, pampu nzima haibaki! Wakuu, kidole kimoja kimoja alikuwa anakikunja. Alianza na kidogo.

Binti Chumbageni:
Sijui Subaru lakini hapo nimeguswa. Fundi gari kila kitu kinabaki, fundi cherehani hakibaki hata uzi. Nimempelekea mita 5 za kitenge, gauni limekuja linanibana mpaka pumzi naazima. Namuuliza kipande kiko wapi, "hakijabaki dada". Jumapili naingia kanisani, mtoto wake kakaa mbele yangu. Kitenge changu, chenye tausi wangu!

Mzee wa IST:
Uwiiii!

Chuma Chakavu:
Mita 5 gauni moja? Alimshonea na mkewe huyo.

Binti Chumbageni:
Mkewe alikuwa na kilemba.

Godzilla_Mbezi:
Wangu alinishonea suti ya harusi mguu mmoja mfupi, akaniambia nitembee taratibu watu hawataona.

Fundi Mstaafu:
Kwa suti usitoke nje ya Ilala. Nina mtu pale.

Roto11:
Wakuu turudi kwenye mada basi. Injini iko chini, konrodi ya nne imekula kranki, na huyu mtu kanitumia ujumbe sasa hivi anaulizia hela ya kufungua.

Sampu Kavu:
Ngoja kwanza mkuu. Dada wa kitenge, huyo mtoto alipendeza?