Brigedia kurudi darasani Kunduchi: ulinzi au likizo?

Mleta mada: Wadau, tangu 2012 Chuo cha Taifa cha Ulinzi pale Kunduchi kinachukua mabrigedia na makanali, kinawachanganya na vigogo wa wizara, polisi na wageni wa nchi rafiki. Wanasoma karibu mwaka mzima: uchumi, diplomasia, mikakati. Mtu ameshapita chuo cha maafisa Monduli, ameshapita chuo cha ukamanda na unadhimu Duluti. Bado kuna haja?

Upepo wa Kusi: Ipo. Duluti unafundishwa kupanga vita. Kunduchi unajiuliza kama nchi inavimudu. Wakenya walianza chuo chao kama hiki kule Karen, Nairobi, miaka ya tisini, sisi tulilala.

Kifaru Mkongwe: Porojo. Jenerali Musuguri, kamanda wetu vita vya Kagera, alitokea KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza, hakuwa na masters ya mtu, na Kampala ya Idi Amin ikaanguka Aprili 1979. Yeye na Walden "Mti Mkavu" walisoma Kunduchi ipi?

Binti Mara: Mti Mkavu ni Mayunga! Walden ni Black Mamba. Majina ya wazee huyajui halafu unatufundisha vita?

Kifaru Mkongwe: Dada, sikuuliza majina. Mwaka ule wewe ulikuwa unanyonya.

Binti Mara: Sikuwa hata nimezaliwa. Baba yangu alivuka mpaka wa Mutukula kwa miguu. Wako alivuka nini?

Mchokozi: 😂😂 Kifaru jibu hilo.

Upepo wa Kusi: Ila Amin naye alitokea KAR hiyohiyo, na shule hana. Mbona haikumsaidia?

Kifaru Mkongwe: Usimlinganishe Musuguri na nduli. Futa hiyo kauli.

Mleta mada: Jamani, Kunduchi. Mimi nauliza gharama.

Mstaafu Mtulivu: Gharama? Kampala tuliiteka, halafu miaka ya themanini tukapanga foleni ya sukari na sabuni. Vita haikuwa sababu pekee, lakini bili ilikuwa yetu. Mkuu wa brigedi kazi yake kushinda, na alishinda. Nani alikaa akapiga hesabu ya baada ya ushindi? Hesabu hiyo ndiyo inayomhusu brigedia wa leo, akiwa meza moja na mtu wa Hazina.

Kifaru Mkongwe: Mzee shikamoo, lakini Kampala aliiteka Walden na Brigedi ya 207, hilo liwekwe wazi.

Binti Mara: Peke yake? Marwa na 208 walikuwa wanavua samaki?

Mchokozi: Twende ukurasa wa pili.