Nyumba ya Babu kwa rangi za maji: gumzo la kikundi cha ukoo

*Jumamosi, 20 Desemba*

Mama Neema: Shikamooni wakubwa. Naona kila mtu ananiuliza pembeni, bora niseme hapa mara moja yaishe. Mwaka huu hatuji. Tiketi za sikukuu tumeziangalia, tukatazamana, tukafunga simu.

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu. Pole sana. Watoto wamelipokeaje?

Mama Neema: Neema kanuna siku mbili. Imani bado mdogo, hajui hata Desemba ni nini. Aliyeumia ni baba yao, alishaanza kupanga begi tangu mwezi wa kumi.

Baba Neema: Begi liko mlangoni na silifungui. Mimi nina msimamo.

Kaka Juma: 😂😂 Shemeji usilegeze!

Rehema: Sasa dada, wiki mbili za likizo mtafanya nini humo ndani na baridi hiyo?

Mama Neema: Ndilo nililotaka kuwaambia, na msinicheke. Nachora siku hizi. Rangi za maji. Kuna darasa la bure maktaba kila Jumatano jioni, nimeanza mwezi wa kumi na moja. Kusema kweli nilifuata joto la lile jengo, na kuongea na watu wazima wasioniuliza soksi zao ziko wapi.

Kaka Juma: Wewe? Uliyechora chungu darasa la nne mwalimu akauliza kama ni mbuzi?

Mama Neema: Kilikuwa chungu. Tatizo lilikuwa miwani ya mwalimu.

Mama Neema: 📷 *Picha*

Mjomba: Mwanangu, mbona kila kitu humu kina homa ya manjano?

Mama Neema: Hahaha Mjomba umeona! Hiyo ndiyo ya kwanza, nimeitunza kwa adabu. Nilikuwa nachora usiku watoto wakilala, chini ya balbu ile ya njano ya sebuleni. Chini ya taa hiyo karatasi nyeupe yenyewe inaonekana njano, kwa hiyo ukipaka njano huioni. Unaongeza. Huioni. Unaongeza tena. Asubuhi navuta pazia, nusura nipige kelele. Sasa nimeweka balbu ya kelvini 5000, nyeupe kama mchana, ile ya mwanzo ilikuwa 2700.

Rehema: Si uchore mchana tu?

Mama Neema: Mchana upi? Jua linatoka saa tatu asubuhi, saa tisa na nusu alasiri limeshazama. Na kesho tarehe 21 ndiyo siku fupi kuliko zote upande huu wa dunia.

Rehema: Nimemsomea Bibi. Anauliza nani kalichukua.

Mama Neema: 📷 *Picha*
Hii ni ya Neema. Theluji nyuma ya nyumba. Hakusaidiwa na mtu.

Kaka Juma: Hongera mpwa wangu! Ila theluji ya buluu?

Mama Neema: Nami nilimwambia hivyohivyo, akanishika mkono akanipeleka dirishani. Kaka, kweli ni buluu! Si yote, pale penye kivuli tu. Mwalimu wetu alitueleza baadaye: kivulini miale ya jua haifiki, theluji inapata mwanga wa anga peke yake, na anga ni buluu. Nimeishi huku miaka minne nikiona nyeupe kwa sababu nilishajua ni nyeupe. Mtoto wa miaka minane hajui kitu, akaona.

Mjomba: Mwambie Neema hayuko peke yake. Monet, yule Mfaransa, alichora ndege mmoja mweusi na mweupe kakaa kwenye lango la mbao, theluji kila mahali, vivuli vya buluu. Majira ya baridi ya 1868 kuingia 1869. Wakubwa wa maonyesho ya Paris wakaikataa. Leo iko kwenye makumbusho ya Orsay hapohapo Paris, na watu wanapanga foleni kuingia.

Baba Neema: Neema anauliza huyo Monet yuko darasa la ngapi.

Rehema: Dada, na huyu wangu kaanza kung'ang'ania. Ninunue nini? Naona masanduku yenye rangi 48.

Mama Neema: Achana nayo. Nami nilianza na sanduku kubwa, zaidi ya nusu sijazigusa. Rangi tatu au nne nzuri, brashi moja nene yenye ncha. Hela iliyobaki yote weka kwenye karatasi. Usimpe karatasi ya kuchapia, hiyo ni gramu 80 kwa mita ya mraba, ikilowa inajikunja kama jani kavu, mtoto ataona kosa ni lake. Tafuta ya gramu 300, na bado uibandike kingo zote kwa tepu ya karatasi. Nyeusi usinunue kabisa. Changanya buluu ya altramarini na siena ya kuchomwa, unapata kijivu cha kila namna, ukizidisha kinakaribia weusi. Na hicho kijivu kina uhai, nyeusi ya dukani inaua picha.

Kaka Juma: Siena ndiyo nini?

Mama Neema: Udongo. Udongo wenye chuma ndani, ukichomwa unakuwa mwekundu mwekundu.

Kaka Juma: Kwa hiyo umevuka bahari ukapake udongo 😂

Rehema: Bibi anacheka mpaka anakohoa. Anasema angekuwa kijana naye angejaribu.

Mjomba: Mwambie hajachelewa. Kuna bibi mmoja Mmarekani, Anna Mary Robertson Moses, mzaliwa wa 1860. Alikuwa mtu wa kudarizi, vidole vilipoanza kumuuma ndipo akahamia kwenye brashi, ana zaidi ya miaka sabini. Alifariki 1961, ana miaka 101, na picha zake ziko kwenye makumbusho.

Rehema: Anasema vidole vyake havimuumi, kwa hiyo zamu yake haijafika.

*Jumapili, 21 Desemba*

Mama Neema: Haya. Sikulala. Nilitaka iwe zawadi ya Bibi lakini siwezi kuitunza siri.
📷 *Picha*

Mama Mdogo: Eeeh!

Kaka Juma: Hiyo si nyumba ya Babu?!

Mama Neema: Ndiyo. Kwa kichwa tu, picha sina. Ile moja iliyopo tumesimama mbele yake wote, tumeiziba. Mnisahihishe.

Kaka Juma: Mwembe ulikuwa kushoto.

Mama Mdogo: Kulia.

Kaka Juma: Mama Mdogo, nilianguka kutoka ule mti. Ulikuwa kushoto.

Mama Mdogo: Kushoto ukiwa unatoka. Yeye kachora anayeingia.

Kaka Juma: ...

Kaka Juma: Sawa. Ila mlango ulikuwa wa kijani. Huo wa buluu umeutoa wapi?

Mama Mdogo: Buluu! Nimeolewa nikitokea mlango ule. Buluu!

Mjomba: Mimi nakumbuka kijani.

Baba Neema: Mimi nilifika pale mara moja kuleta posa, nilitazama chini muda wote. Sakafu naweza kuwaelezea.

Rehema: Subirini, Bibi kavaa miwani. Anasema nyote hamjakosea. Ulikuwa buluu, Babu akaupaka kijani alipozaliwa Juma, rangi ikambandukia. Pale mkono unaposukumia buluu ilikuwa inachungulia.

Mama Mdogo: Haki ya Mungu. Pale pa mkono. Nimepaona sasa hivi.

Mama Neema: Jamani mbona hiyo inachoreka! Rangi za maji zinaonyesha za chini yake, ni kama vioo vilivyopangwa. Napaka buluu kwanza mlango mzima, naiacha ikauke kabisa, kisha kijani juu yake, pale pa mkono naruka. Ila siwezi kuharakisha. Ukipaka juu ya mbichi zinavurugika, unapata tope.

Kaka Juma: Na ukuta huo umepaka nini? Umekaa sawasawa.

Mama Neema: Siena. Udongo ulioucheka jana.

Kaka Juma: Nimenyamaza.

Rehema: Sasa kaishika simu mwenyewe, kaisogeza mpaka puani. Anauliza mbona hakuna mtu.

Mama Neema: Bibi, watu bado siwezi. Nikichora mtu anatoka kama gunia limefungwa shingo. Hata darasani natafuta njia zisizopita watu.

Rehema: Kanyamaza.

Rehema: Bado kanyamaza.

Rehema: Anasema basi weka kiti cha Babu pale nje, upande wa mlango. Kile cheupe. Watakaokijua watajua.

Mama Mdogo: 😭

Kaka Juma: Mama Neema weka kiti.

Mama Neema: Tatizo ni huo weupe. Kwenye rangi za maji weupe ni karatasi yenyewe. Mahali penye kitu cheupe unapaacha tangu mwanzo, hupagusi, unapaka kukizunguka. Pale nilishapaka ukuta, na juu ya siena weupe haurudi. Ipo rangi nyeupe nzito ya kufunikia, lakini itaonekana kama chokaa imemwagika.

Kaka Juma: Kwa hiyo?

Mama Neema: Kwa hiyo ni kuanza upya, karatasi mpya. Kiti kwanza, halafu nyumba nzima ikizunguke. Sikukuu itapita, Bibi, haitakufikia kwa wakati.

Rehema: Anasema haendi popote.

Baba Neema: Nami nimeambiwa nikae kwenye stuli kama Babu ili apime kivuli. Nimekaa dakika ishirini. Begi naliona kutoka hapa.

Mama Neema: Usitikisike. Bibi, nikumbushe, kile kiti kilikuwa na miguu yote?

Rehema: Mitatu. Wa nne alikuwa anaegeshea tofali.

Mama Mdogo: Nusu tofali.

Rehema: Bibi anasema nusu, ndiyo. Na uliache liwe jekundu.