MJADALA: Kikao kinachojirudia kifuate saa ya nani?

Wakuu, salaam. Kwetu kuna kikao cha familia kila Jumapili kwa video. Dada yuko London, binamu yuko Minneapolis, sisi wengine tuko Dar na mama. Dada ndiye aliyekiweka kwenye kalenda ya simu, Januari 2025: saa 11 jioni kwake, saa 2 usiku kwetu, saa 5 asubuhi kwa binamu. Akachagua "kila wiki", akatutumia mwaliko, tukasahau.

Tarehe 9 Machi Marekani wakasogeza saa zao mbele kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka hadi majira ya baridi yakaribie. Simu ya binamu ikamwonyesha saa 6 mchana, akadhani dada kabadilisha. Jumapili tatu mfululizo. Tarehe 30 Uingereza nao wakasogeza, binamu akarudi saa 5 yake, na sisi ambao hatujagusa saa yoyote kikao kikatuangukia saa 1 usiku. Mama hajala, na Isha ikaingia katikati ya hesabu za mchango. Aliweka simu kifudifudi mezani akaenda kutawadha, tukabaki tunaongea na dari.

Kalenda haikukosea. Kanuni ya iCalendar inayofuatwa na kalenda nyingi, iliyo kwenye waraka uitwao RFC 5545 wa mwaka 2009, haihitaji orodha ya tarehe zote. Inaandika siku ya kuanzia, sheria fupi ya kurudia na jina la eneo, kama Europe/London. Mengine programu inakokotoa yenyewe. Saa 11 ya London itabaki saa 11 ya London, wanaohama ni sisi. Ninacholalamikia ni ukimya: simu ilichukua eneo la dada bila kumuuliza kikao ni cha nani.

Mimi nasema kishikizwe Africa/Dar_es_Salaam. Huku saa haichezi mwaka mzima, na ratiba ya mama ndiyo isiyosogezeka. Dada anapinga, na hoja yake si ya kubeza: tukishika Dar, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba kikao kitamkuta saa 12 jioni, anaogesha watoto na kesho yake shule. Maisha yake yote yanafuata ile saa ya ukutani. (Na hapo sijamgusa mtoto wa binamu, aliyezaliwa huko, ukimwambia saa mbili anajiandaa saa nane mchana.)

Shemeji, ambaye ni fundi wa haya mambo, anasema tuandike kwa UTC, yaani saa ya pamoja ya dunia isiyosogezwa, tumalize ubishi. Sikubali. Kwa Dar ya leo jibu ni lile lile, lakini UTC haijui serikali ikiamua nini. Misri ilirudisha mtindo wa kusogeza saa mwaka 2023 baada ya kuuacha kwa miaka kadhaa. Kikao cha Cairo kilichoandikwa kwa UTC kilihama saa nzima, ilhali chenye jina la eneo hutulia, mradi simu imepata masasisho.

Ninyi mngeshikiza wapi? Kwa mzee, kwa walio wengi, au kwa aliyetuma mwaliko? Sisi Jumapili hii bado tuko saa ya London, maana mwenye kuhariri mwaliko ni dada peke yake.