Injini ya mashine ya kurusha theluji: itaweza kuvuta maji Mabokweni?

BintiShamba_Mabokweni aliandika:

Assalaam alaykum, na shikamooni wakubwa wote humu. Nina swali la injini, naomba anayezijua anisaidie, maana fundi wa pikipiki wa huku kwetu ameizunguka akaondoka.

Kaka yangu anaishi Minnesota, Marekani. Amehamia fleti, hana tena uwanja wa kusafisha, kwa hiyo alipojaza kontena la mizigo ya nyumbani akatia na mashine yake ya kurusha theluji. Sasa ipo uani kwa mama. Mbele ina mdomo mpana wa chuma wenye skrubu kubwa ndani, juu yake bomba linalogeuka kushoto na kulia, nyuma mikono miwili ya kushikia na magurudumu mawili yenye meno. Injini imeandikwa Tecumseh, nguvu farasi 8.

Haja yangu ni maji. Nina bustani ya bamia, mchicha na nyanya chungu, na kisima tulichochimba kwa mkono. Vuli ikikatika, kaskazi la Januari na Februari linakausha ardhi mpaka inapasuka, na ndoo hazifiki matuta ya mwisho. Mama mgongo haumruhusu tena. Nimeona nguvu farasi 8 zimekaa bure uani, roho inaniuma.

Shida yenyewe: tumeweka petroli mpya na kusafisha plagi. Ukibonyeza kile kitufe cha mpira ukavuta kamba, inawaka, inanguruma sekunde chache kisha inazima. Choki, kile kilango cha kupunguza hewa, ikiachwa imefungwa inaendelea kidogo, lakini kwa kukohoa. Ubavuni ina mahali pa kuchomeka waya wa umeme kwa ajili ya stata, na kijana wa jirani anasema tuchomeke ukutani tuache kuhangaika na kamba. Mnasemaje?

FundiNgamiani alijibu:

Waalaykum salaam, marahaba mwanangu. La umeme kwanza: usichomeke, na huyo kijana mwambie asikaribie na waya. Stata hiyo imetengenezwa kwa umeme wa Marekani, volti 120. Wetu ni 230. Utaunguza koili mara moja, na uani penye unyevu unaweza kumuua mtu. Ifunge kwa mkanda wa umeme, usahau kama ipo. Kamba inatosha kabisa.

Sasa ugonjwa wake. Injini inayowaka ikazima, na ikaendelea choki ikiwa imefungwa, inakosa petroli. Kile kitufe cha mpira kinaisukumia tone la kuanzia, likiisha hakuna linalofuata. Njia imeziba kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Petroli ya Marekani nyingi huchanganywa na ethanoli mpaka asilimia 10, na ethanoli hunywa unyevu. Ikikaa miezi ndani ya bakuli la kabureta huacha gundi ya kahawia, wakati mwingine na ungaunga mweupe. Hata kama kaka yako alimwaga tangi kabla ya kusafirisha, kilichobaki kwenye bakuli kilikaukia humohumo baharini.

Funga koki ya petroli, weka kopo chini, fungua bolti iliyo katikati ya bakuli. Hapo naomba utulie, maana ndipo wengi wanapopapita. Kwenye kabureta nyingi za Tecumseh bolti hiyo ndiyo jeti yenyewe, yaani yenye matundu ya kupitishia petroli kwa kipimo. Ioshe kwa petroli, iinue juani, ichungulie. Utaona tundu linaloonekana wazi, halafu ubavuni, karibu na kichwa cha bolti, kuna jingine dogo mno, jembamba kama unywele. Fundi asiyejua husafisha lile kubwa, akarudisha, injini ikaendelea na ugonjwa uleule. Chukua waya wa umeme wa kawaida, uuchune, toa uzi mmoja wa shaba, upitishe matundu yote mpaka uone mwanga upande wa pili. Usitumie sindano wala msumari. Chuma hupanua tundu, na likishapanuka ni kabureta nyingine.

Kama chini ya bakuli kuna skrubu ya kurekebisha badala ya bolti ya kawaida, ikaze taratibu mpaka iguse, usiilazimishe, kisha irudishe mzunguko mmoja na nusu. Hapo ndipo pa kuanzia.

Fanya hilo kwanza, uniambie. Ila usiiwashe kwa muda mrefu. Kuna jambo kubwa zaidi kuhusu injini hiyo nitakalokueleza.

Baharia_Raskazone alijibu:

Fundi, ngoja nikutangulie kidogo, mashine hizi nimeishi nazo. Nilikaa Winnipeg, Kanada, kabla ya kurudi nyumbani, na kila alfajiri ya theluji ilikuwa lazima uitoe ndipo gari litoke. Januari kule nyuzi 20 chini ya sifuri si habari.

Binti, ile skrubu ya mbele huikusanya theluji na kuipeleka katikati, kisha nyuma yake kuna pangaboi linaloirusha juu kupitia bomba. Skrubu imeshikwa kwenye shafti yake na bolti laini za makusudi. Ukikutana na jiwe au gazeti lililoganda, bolti inakatika yeye, giaboksi inapona. Watu kule huweka bolti za akiba sebuleni, na asiyejua huweka bolti ngumu ya dukani, safari ijayo anavunja giaboksi.

Theluji mbichi, ile yenye maji, hukwama kwenye bomba. Hapo ndipo watu wanapopoteza vidole. Anazima injini, anaingiza mkono, na pangaboi bado limebana nguvu ya mkanda; likiachiwa linazunguka robo duara, linatosha. Siku zote ni fimbo, kamwe si mkono. Nawaambia na nyie wa Tanga kwa sababu najua watoto wa uani watachezea mdomo huo kabla haujafunguliwa. Toeni waya wa plagi.

Halafu angalieni mahali pa kuingilia hewa kwenye kabureta. Hamtakuta chujio, na wala halikupotea njiani. Hazina. Theluji ikiwa imefunika kila kitu hakuna vumbi, na chujio likiwekwa huingiwa na chembe za barafu likaganda, injini ikakosa hewa. Badala yake kuna boksi linaloizungukia kabureta ili ipate joto la egzosti.

FundiNgamiani alijibu:

Ahsante sana Baharia, umenifungulia mlango. Hilo ndilo jambo lenyewe, na nalisema kwa uchungu kwa sababu injini za namna hii zinaingia nchini na mitumba, watu wanazifunga kwenye pampu na mashine za kukobolea, msimu mmoja haujaisha ringi zimekwisha, inakula oili na kutoa moshi wa samawati. Halafu inasemwa injini ni mbovu. Injini ni nzuri. Imetolewa mahali pa hewa safi ikapelekwa kwenye vumbi bila kitu puani.

Vumbi la shamba wakati wa kaskazi ni mchanga. Likiingia kwenye silinda linachanganyika na oili likawa msasa, linasugua ukuta kila pistoni inaposhuka. Kwa kasi ya mizunguko 3,600 kwa dakika, fikiria mwenyewe. Kwa hiyo, mwanangu, usimwagilie hata tuta moja kabla hujaiwekea chujio. Vua lile boksi la kuhifadhi joto, kwetu halina kazi isipokuwa kuichosha kabureta. Tafuta kwenye maduka ya spea nyumba ya chujio ya jenereta au pampu yenye uwezo unaokaribiana, na fundi wa kuchomelea akutengenezee bamba la kuiunganisha na gasketi. Lazima ibane pande zote. Chujio linalovuta hewa pembeni ni sawa na kutokuwa nalo. Chagua lile lenye sponji nje na karatasi ndani. Sponji unaifua kwa sabuni, unaikausha, unaipaka oili kidogo na kuikamua.

Ukishaweka chujio, na kwa joto letu, mchanganyiko utakuwa na petroli nyingi kuliko inavyohitaji, maana kabureta ilipangwa kwa hewa ya baridi, hewa nzito. Dalili ni moshi mweusi na plagi yenye masizi makavu. Kama una ile skrubu ya chini, ikaze robo kwa robo mpaka ingurume sawasawa ikiwa na mzigo. Usikaze kupita hapo, injini yenye petroli pungufu huungua.

Oili iliyomo imwage yote. Kule hutumia nyepesi ya 5W-30 ili iwake kwenye baridi. Huku weka SAE 30. Na ukiifunga, ikae mlalo sawa kabisa, kwa sababu haina pampu ya oili. Ndani kuna kijiko kinachochota na kurusha oili, na injini ikiinama kijiko kinachota hewa.

Gavana, ile inayodhibiti kasi ya injini, usiiguse. Atakuja mtu kukuambia akiivuta springi utapata maji mengi zaidi. Mkatalie.

KukuKisosora alijibu:

Samahani kuingilia. Huo mdomo wa mbele kama hautumiki, niuzieni. Nataka kuchanganyia chakula cha kuku, pumba na dagaa.

Baharia_Raskazone alijibu:

Ndugu yangu, hapana. Skrubu ile iko wazi mbele, imetengenezwa kunyakua kila kilicho mbele yake. Mtu anayechanganya chakula anainama na koleo au mikono. Nunua pipa, fundi akuwekee mhimili na mapanga ndani, lifungwe mfuniko.

BintiShamba_Mabokweni aliandika:

Fundi, Mungu akuzidishie. Lile tundu dogo la ubavuni nimeliona! Lilikuwa limejaa gundi kabisa, ukilitazama hujui kama ni tundu. Uzi wa shaba umepita, nimerudisha bakuli na gasketi yake, nikafungua koki. Imewaka, nikafungua choki yote, ikaendelea kunguruma bila kukohoa. Mama alikuwa jikoni akatoka na mwiko mkononi. Nimeizima haraka kama ulivyosema, na mdomo wa kuvutia hewa nimeufunga kitambaa safi mpaka chujio lipatikane.

Mjomba Baharia, waya wa plagi nimeuchomoa kwenye plagi.

Sasa pampu. Kisimani, kutoka mdomoni hadi kwenye maji ni mita 4 wakati wa masika, kiangazi inafika karibu 6. Kijana anashauri tuiteremshe injini kwa kamba, tuiweke kwenye ukingo wa ndani ili iwe karibu na maji. Na je, nikate mashine ili nitoe injini peke yake?

FundiNgamiani alijibu:

Usiiteremshe! Injini ya petroli ndani ya kisima inajaza shimo hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Anayeshuka kuizima analala humo, na anayemfuata kumwokoa naye analala. Misiba ya namna hiyo ipo, familia nzima. Injini inakaa juu, mahali pa wazi, egzosti ikiwa imeelekea mbali na kisima.

Na hakuna haja ya kushuka. Pampu ya kuvuta hupandisha maji kutoka kina cha mita 7 hivi ikiwa imefungwa vizuri, kwa hiyo mita 6 zako zimo, ingawa kiangazi utakuwa karibu na mwisho wake. Iweke pampu karibu kabisa na mdomo wa kisima. Upande wa kuvutia tumia bomba gumu lisilonyonyeka, na mwisho wake chini uweke valvu ya kuzuia maji yasirudi pamoja na kichujio. Jaza maji pampu na bomba lote kabla ya kuwasha. Upenyo mdogo tu kwenye maungio upande wa kuvutia, maji hayapandi, itaishia kuzunguka tupu.

Usikate kitu. Mashine hizi zenye pangaboi na skrubu zimegawanyika katikati kwa bolti. Ukizifungua, mdomo wa mbele unatoka mzima, nyuma inabaki injini juu ya magurudumu yanayojiendesha yenyewe. Yaani utaisukuma hadi shambani kwa nguvu yake na kuirudisha nyumbani jioni, haitalala nje ikaibiwa. Pale ulipokuwa mdomo, fundi wa kuchomelea akufungie kitako cha chuma cha kubebea pampu ya mkanda. Puli ya injini iliyokuwa inazungusha mbele ndiyo itakayozungusha pampu, na mkono uliokuwa unakaza mkanda wa skrubu utakaza huo mpya. Unawasha injini ikiwa huru, ikishatulia ndipo unakaza.

Pima kipenyo cha puli ya injini kwa vernia, kile kipimo cha mafundi chenye taya. Kama ni inchi 3, weka ya inchi 4 kwenye pampu. Mizunguko 3,600 inakuwa 2,700, inatosha kwa pampu nyingi zilizoandikwa 2,900, na injini haitaumia kwa joto. Angalia mshale kwenye pampu uelekee sawa na unavyozunguka mkanda. Mkanda uulize wa aina ya A, upana milimita 13, urefu upime kwa kamba baada ya pampu kufungwa, si kabla.

Halafu mkanda wote ufunikwe kwa wavu wa chuma. Wewe na mama mnavaa kanga na mitandio, na mkanda hausubiri mtu ajinasue.

BintiShamba_Mabokweni aliandika:

Nimepima sasa hivi, puli ni inchi 3 kamili. Jumamosi nashuka Ngamiani kutafuta nyumba ya chujio na puli ya inchi 4. Fundi, nije na bolti za kabureta nikuonyeshe, au nije na nyumba ya kabureta nzima?

FundiNgamiani alijibu:

Njoo na kabureta nzima, na gasketi yake usiitupe hata kama imechanika, ndiyo tutakayochorea bamba. Shafti ya pampu uliyoiona dukani nayo ipime, uniandikie kabla hujalipa.